Ngozi ya Dume la Guyo

Rungu lilishuka.

Msomaji uliyemwacha Mwalimu Jasper Gona juma lililopita akiwa magotini katika uwanja wa mnada wa mifugo wa Garsen, rungu la mfugaji Guyo likiwa hewani juu ya utosi wake, usiharakishe kumchimbia kaburi. Jasper alijitupa ubavuni. Rungu likalikosa fuvu kwa upana wa kidole, likaangukia taa ya mbele ya pikipiki yake, na kioo kilichotoka Uingereza kabla ya Kenya kupata Uhuru kikamwagika mchangani kama chumvi.

"Taa hiyo haipatikani tena!" Jasper akapiga ukelele.

Ndivyo alivyo mtu huyu. Kifo kimempita kwa kidole, naye analilia kioo.

Guyo alisimama, rungu mkononi, kana kwamba hakuyaamini masikio yake.

"Ndugu yangu iko kaburini," akasema polepole. "Wewe nalilia taa?"

Teke likamwingia Jasper mbavuni. La pili likamwingia pale pale. Vijana wawili wa Guyo wakamwinua kwa ukosi wa shati na kumgeuza uso, akitazame kile alichokikalia asubuhi ile kutoka Chara hadi Garsen. Kilikuwa kiti cha pikipiki kilichovalishwa ngozi ya ng'ombe. Ngozi ilikuwa imepakwa mafuta ikang'aa, na katikati yake, mahali pa wazi kabisa, palikuwa na chapa ya moto: mistari miwili iliyokatwa na upinde.

"Soma, mwalimu," Guyo akasema. "Wewe si nafundisha watoto ya watu? Soma!"

"Alama hiyo sijui kuisoma."

"Hiyo jina ya baba yangu. Wewe nakalia jina ya baba yangu."

Umati ukaguna. Wafugaji walioacha mbuzi wao katikati ya kupatana bei walisogea mbele, na waliokuwa mbele hawakupata tena nafasi ya kurudi nyuma.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, yafaa aelewe mwalimu wa hesabu alifikaje hapo. Pikipiki ile ni BSA ya Kiingereza ya silinda moja, iliyokuwa mali ya daktari wa mifugo aliyestaafu na kufia Chara. Jasper aliitamani tangu akiwa mtoto wa kaptura, na alipoinunua kwa mjane wa daktari, aliinunua kwa akili. Kabla ya kutoa senti moja alijiwekea sharti kwamba kwa kila shilingi mbili za bei, shilingi moja ikae kando kwa matengenezo. Akaigawa akiba ile kama jemadari agawavyo vikosi. Hizi zilikuwa za ringi za pistoni, hizi za mnyororo, hizi za matairi, hizi za magneto iwashayo cheche, na fungu moja lisiloguswa likasubiri balaa lisilo na jina.

Kitu kimoja tu hakukitengea fedha. Kiti kilikuwa kimeliwa na panya hadi kwenye springi, na bei ya kiti kipya kutoka Mombasa ilimuudhi. Alipopewa ngozi ya bure, akaipokea kwa mikono miwili. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Rahisi hii ilikuwa imepania kuvunja shingo.

"Leteni fundi!" sauti ikaita.

Fundi alikuwa amekwisha kuletwa. Tahir, mwenye kibanda cha pikipiki kando ya uwanja, alisukumwa katikati akiwa na sindano ya kushonea ngozi ingali imechomekwa kwenye kofia yake.

"Wallahi mimi mshonaji tu!" akalia. "Ngozi kaileta mwalimu mwenyewe. Nikamwambia, mwalimu, upande huu wenye kovu tuutie chini. Akanijibu, la, Tahir, uweke juu, ni pambo!"

"Pambo!" kijana mmoja wa bodaboda akaangua kicheko, simu yake ikiwa juu inarekodi. "Mwalimu wa maths amejiandikia kesi kwa makalio!"

Watu wakacheka. Guyo hakucheka, nao wakanyamaza mmoja mmoja.

Hebu tuwe waadilifu. Kosa lile lisingefanywa na mfugaji yeyote wa bonde la Tana, hata aliye mlevi. Mfugaji huona chapa kabla hajamwona ng'ombe. Lakini Jasper ni Mgiriama wa shamba, mwana wa mihogo na mikorosho, na kwake kovu la ng'ombe ni kovu la ng'ombe. Aliliona limechorwa vizuri, akaliweka mahali pa kuonekana, akapita nalo katikati ya soko la watu wanaolisoma kama wewe unavyosoma gazeti hili.

"Sikiliza," Guyo akasema, akamsogelea hadi pumzi zao zikachanganyika. "Mwezi jana wezi natoa hii dume zizini kwangu. Ndugu yangu Buya nafuata wao, peke yake, mpaka malka. Hapo ng'ombe inakunywa maji ya mto, hapo sisi tukamkuta Buya. Ndani ya matete. Panga imeingia hapa." Aliweka kidole chini ya sikio la Jasper. "Ikatokea hapa." Kidole kikashuka hadi kwenye mtulinga. "Mtu alichinja dume, huyo ndiye alichinja Buya. Nani alikupa ngozi?"

Hesabu ya Guyo haikuwa na baki.

Jina Jasper alikuwa nalo. Ngozi ile alikabidhiwa nyumbani na Martin Kitsao, mwenye bucha hapo hapo Garsen, kaka wa mkewe Kanze. Aliitoa guniani imekwisha kukauka, akiwa mchangamfu kama bwana harusi. "Kalia hii, mlamu," alisema siku ile, "usije ukatobolewa na springi ukanilaumu." Nao walicheka wote.

Sasa Jasper hakuona cha kuchekesha. Lakini ngozi mkononi mwa mchinjaji haithibitishi damu. Huenda Martin naye aliuziwa. Kulitamka jina lake mbele ya marungu yale ni kumhukumu bila ya hakimu. Jasper alilelewa bwenini, katika shule ambayo aliyemtaja mwenzake bila ushahidi alikula peke yake hadi mwisho wa muhula, na malezi hayo hayamtoki mtu kwa mateke mawili.

"Jina ninalo," akasema, akitema damu. "Nitalitaja mbele ya polisi na kutia saini. Hapa silitaji. Aliyenipa huenda naye alipewa."

"Hapa ndiyo polisi," mmoja wa vijana akasema, na rungu lake likaangukia mkono wa kushoto wa Jasper uliokuwa umeshika pikipiki.

Vidole vilivunjika kwa mlio wa kuni kavu.

"Taja!"

"Sitaji."

Pigo jingine likampasua nyusi. Damu ikamziba jicho.

"Taja jina, mwalimu," Tahir akamsihi, machozi yakimtoka. "Jina ni neno tu, baba. Likitoka halirudi, lakini wewe utarudi nyumbani."

"Na yeye atarudi wapi?"

Walimfunga kwa kamba ya ng'ombe, mikono nyuma, wakamkaza kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki yake. Mtu mwenye huruma alikuwa amepiga simu kituoni, akajibiwa kwamba askari walikuwa upande wa Minjila na wanarudi. Lakini Minjila ilikuwa mbali na marungu yalikuwa karibu.

Ndipo umati ukapasuka upande wa barabara. Kanze aliingia mbio, leso imemwanguka mabegani, na nyuma yake alikuja Martin Kitsao, aproni ya bucha kifuani, madoa ya asubuhi yangali mabichi juu yake.

Jasper akashusha pumzi. Mkewe, aliyekuja naye Garsen asubuhi ile, alikuwa amekimbilia kwa kaka yake kutafuta msaada, na kaka amekuja. Martin ataeleza ngozi aliinunua wapi. Mambo yatakwisha kwa maneno.

Kisha akakiona alichokibeba Martin. Kilikuwa kibuyu cha plastiki, cha lita tano, chenye harufu.

"Ndugu zangu!" Martin akapaza sauti, akipanda juu ya kijiwe. "Mnanijua. Ni Martin wa bucha. Huyu amemuoa dada yangu wa tumbo moja, lakini mwizi hana shemeji! Anayeua mfugaji ametuua sote. Ng'ombe wasipokuja mnadani, mimi nitawachinjia nini? Paka?"

Kicheko kilipita haraka kama upepo.

"Mlamu wangu nimemfadhili, nimemlisha," Martin akaendelea, sauti ikimtetemeka kwa ustadi, "kumbe anasimama na wauaji! Naomba radhi kwa niaba ya ukoo wetu. Na aibu ya ukoo huiosha mwenye ukoo."

Akafungua kifuniko. Petroli ikamiminika juu ya tangi, ikatiririka juu ya kiti chenye chapa, ikanywewa na mchanga chini ya gurudumu.

"Martin!" Kanze akapiga yowe. "Nimekuita uje kusema, si kuja kuchoma!"

"Shika huyo mwanamke!"

Wakamshika.

Martin akainama kana kwamba anakagua kamba. Uso wake ukawa karibu na uso wa Jasper, na harufu ya nyama ikachanganyika na ya mafuta.

"Martin," Jasper akamnong'oneza. "Sijakutaja."

"Najua," Martin akajibu kwa upole. "Ndiyo maana nina haraka."

Msomaji, Jasper Gona alikuwa amepigwa marungu asubuhi ile bila kutoa chozi. Alipoyasikia maneno yale, kitu ndani yake kilivunjika vibaya kuliko vidole vyake. Mtu aliyemkinga kwa mwili wake ndiye aliyeshika kiberiti.

Martin akarudi nyuma na kuwasha njiti.

"Guyo!"

Kanze alikuwa amemng'ata mkono aliyemshika. Alisimama katikati, nywele zimefumuka, kidole chake kimemwelekea kaka yake.

"Ngozi aliileta huyu! Aliileta kwangu, mlangoni, ndani ya gunia, ingali inachuruzika damu. Ni mimi niliyeianika juani. Mume wangu alikuja kuikuta imekauka!"

Njiti ilimuunguza Martin kidole. Akaiangusha mbali na petroli, ikazimika.

"Huyu ni nani kwako?" Guyo akauliza.

"Kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Anadanganya!" Martin akafoka. "Mwanamke hataki ujane, basi! Angesema hata ni wewe uliyeileta!"

Guyo alimtazama Kanze, kisha akamtazama Martin. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hasira iliyokuwa inawaka ikawa hasira inayofikiri, nayo ndiyo mbaya zaidi.

"Mwanamke naweza danganya kwa ajili ya bwana yake," akasema. "Lakini kuuza ndugu yake mbele ya soko nzima? Hiyo mimi sijaona. Weka kiberiti chini, mtu wa bucha. Kuja hapa, tuongee."

Martin aliweka kiberiti chini. Mkono uliokiweka ulipoinuka, ulitoka chini ya aproni na kisu cha kuchunia.

Kijana wa kwanza aliyemsogelea alipasuliwa shavu hadi meno yakaonekana. Wa pili alikatwa kiganja, akaangalia vidole vyake kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Watu wakapigana vikumbo kukimbia. Mbuzi walikatika kamba. Katika vurugu hiyo Tahir alimrushia Kanze wembe wake wa kukatia ngozi, naye akamkata Jasper kamba kwa haraka, akimchanja na mikono pia.

"Toka, baba Mitchelle! Toka!"

Jasper alijiburura hatua chache. Martin, akiwa amezungukwa kila upande, aliona njia moja tu. Pikipiki ilikuwa imeelekezwa barabara ya lami. Akairukia na kuinua mguu juu ya kiki ya kuwashia injini.

Hapo, msomaji, mwalimu wa hesabu alifanya jambo ambalo hata yeye hatalieleza siku ya kiama.

"Shusha moto kwanza!" akampigia kelele mtu anayemwibia. "Wenzo wa kushoto! Ushushe kabla hujapiga!"

Pikipiki za umri ule zina wenzo mdogo kwenye usukani, wa kuichelewesha cheche. Dereva asiyeushusha kabla ya kupiga kiki, injini humrudishia teke lake, tena kwa riba. Kila aliyewahi kuimiliki mashine kama ile anafahamu. Martin alikuwa amezoea bodaboda za kubonyeza kidude.

Akapiga kiki kwa uzito wake wote.

Kiki ikarudi. Mfupa wa chini ya goti ulivunjika kwa sauti iliyosikika hadi kwenye vibanda vya chai, na mguu ukakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Wakati huo huo kabureta ikapiga chafya ya moto. Ulimi mmoja tu wa moto, mdogo kama wa mshumaa, ukaonja petroli aliyoimimina yeye mwenyewe.

Mlipuko haukuwa mkubwa. Ulitosha.

Martin alianguka akiwa ndani ya moto, na pikipiki ikamwangukia juu ya mguu uliovunjika. Yowe alilolitoa halikuwa la mtu. Watu waliokuwa wakimtaka afe wakarudi nyuma wakijifunika nyuso, simu zao zingali hewani.

Jasper hakurudi nyuma.

Alimwendea kwa mkono mmoja mzima. Akaishika aproni inayowaka, akaivuta, ngozi ya kiganja chake ikabaki juu yake. Akavuta tena. Akaisukuma pikipiki kwa mguu, akamtoa Martin, akamviringisha mchangani kama mkeka, akamtupia gunia la chumvi ya ng'ombe, kisha akajitupa juu yake kwa mwili mzima hadi moto ukakosa hewa. Nyuma yao tangi likapasuka. Magneto, ringi, mnyororo mpya, na lile fungu lisiloguswa lililokwisha kuguswa kwa ajili ya kabureta, vyote vikaungua pamoja, na chapa ya baba yake Guyo ikajikunja juu ya kiti, ikawa nyeusi, ikatoweka.

Jasper hakuigeukia. Aliona kivuli kimesimama juu yake.

Guyo hakuwa na rungu tena. Alikuwa na panga.

"Toka juu yake, mwalimu."

"Sitoki."

"Huyu nalitaka kukuchoma."

"Najua. Nanusa mafuta yake hadi sasa."

"Basi toka. Damu yake ni yangu."

"Damu yake ni ya mahakama," Jasper akasema, na sauti yake ilikuwa ile anayoitumia darasani mtu anapotaka kunakili jibu. "Ukimkata hapa, kesho wenzake watalipa kisasi kwenu, keshokutwa watu wako watalipa kwingine, na Buya atabaki amekufa vile vile. Isitoshe, Guyo, mtu mmoja hawezi kuswaga dume la kuiba na kupigana kwa wakati mmoja. Alikuwa na wenziwe. Ukimuua, umewaokoa."

Panga likabaki juu. Jua liliangukia ncha yake.

Wapo watakaomwita Jasper mpumbavu. Mimi simwiti hivyo. Mtu aliyesimama juu ya sheria wakati sheria inamkinga hajasimama juu ya kitu. Jasper alikuwa amelala juu yake wakati inamkinga adui wake, na panga liko hewani.

Ndipo chini yake Martin akasogeza midomo.

Ilikuwa imebabuka, nayo haikutoa sauti bali pumzi tu. Jasper akateremsha sikio.

"Mlamu," pumzi ikasema. "Wakinimaliza, sizami peke yangu."

"Nyamaza. Polisi wako njiani."

"Polisi ndio ninaowataka. Nitawaambia yote. Panga lililomkata Buya, unajua ni nani aliyeliosha?"

Jasper akamsogezea sikio zaidi.

"Asubuhi nililipeleka kwako, wewe ukiwa umekwenda shule. Muulize mkeo alilitoa damu kwa maji au kwa majivu. Muulize kama aliniuliza ni damu ya nani. Aliniuliza, mlamu. Nikamjibu. Akaendelea kuosha."

Jasper aliinua kichwa polepole.

Kanze alikuwa amesimama hatua chache mbele yake. Kaka yake alikuwa ameungua, mumewe alikuwa akivuja damu, na yeye hakuwatazama wote wawili. Aliitazama midomo ya Martin.

"Nasema nini?" Guyo akauliza. Panga lilishuka kidogo, lakini halikwenda mbali. "Mwalimu. Huyo nasema nini sikioni mwako?"

Watu waliokuwa wamekimbia walikuwa wanarudi. Mmoja baada ya mwingine walifunga duara. Kijana wa bodaboda alisogeza simu yake mbele.

Kuna watu husema uongo kama wanavyopiga miayo. Jasper Gona hakuwa miongoni mwao. Wanafunzi wake walimchukia kwa hilo na baadaye wakamshukuru. Mbele ya marungu alisema jina ninalo na silitaji, ingawa lilikuwa jepesi kusema silijui. Vidole vyake vitatu vilivyovunjika vilikuwa ushahidi wa jambo hilo moja.

Alimtazama Kanze, mama wa binti yake Mitchelle.

"Amesema anataka maji," akajibu.

Guyo alimkazia macho. Kisha akalishusha panga kabisa.

"Ni haki," akasema. "Hata ng'ombe ya kuchinja tunainywesha. Na mtu hajibu maswali na koo kavu. Mpeni maji!"

Tahir akaleta chupa kutoka kibandani. Guyo akaichukua, akageuka, akampa Kanze.

"Wewe ndugu yake. Mnyweshe kwa mkono yako."

Kanze aliichukua. Alipiga magoti mchangani, kati ya mumewe na kaka yake, akakiinua kichwa kile kilichoungua na kukipakata. Maji mengine yakamwagika kidevuni. Midomo ya Kanze ilisogea mara moja, bila sauti, kama mtu anayeomba. Jasper hakuweza kujua alikuwa anamwomba nani.

Martin akanywa. Akanywa chupa nzima, taratibu, macho yake hayakutoka usoni mwa dada yake. Alipomaliza, alilamba midomo, akasafisha koo, na sauti iliyokuwa pumzi tupu ikarudi mahali pake.

Guyo akachuchumaa mbele yake, panga limelala juu ya magoti.

"Sasa umekunywa," akasema. "Sema. Kwa nguvu, kila mtu asikie. Ile siku ya malka nyinyi mlikuwa nani na nani?"

"Nitasema," Martin akajibu, na kila mtu katika uwanja wa Garsen alimsikia. "Lakini kwanza mshikeni dada yangu, asiondoke."